Phoenix Haipimwi kwa Mizani ya Skrepa

Mwaka jana jirani yangu wa Magomeni aliuza baiskeli ya marehemu baba yake. Aliyeichukua hakuwa mtu wa kuipanda. Alikuwa kijana wa mkokoteni, mmoja wa wale wanaopita mitaani wakigonga kipande cha nondo na kuita "skrepa, skrepa". Aliitundika ile Phoenix kwenye ndoano ya mizani, gurudumu la mbele likajizungusha kidogo, mshale ukasimama kwenye kilo 21. Akahesabu noti, akailaza juu ya mabati mabovu na friji lililokufa, akaondoka nayo kuelekea Kigogo. Nilimuuliza jirani kwa nini hakuipeleka kwanza kwa fundi. Akanijibu: "Kaka, baiskeli nzito vile ya nini mjini? Ukitoka nayo hapa mpaka Kariakoo, unafika huna nguvu ya kufanya kazi."

Jibu hilo si lake peke yake. Nimelisikia kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, nimelisikia kwa makarani wa Posta wanaoniona nikifunga baiskeli kwenye nguzo, na linaloniuma zaidi, nimelisikia kwa waendesha baiskeli wenyewe. Wapo wanaotoka alfajiri ya Jumapili na baiskeli za kaboni, nao huwashauri vijana hivi: achana na vyuma vya wazee, jichange upate nyepesi, ndipo uanze kwenda nayo kazini. Kijana anasikiliza, anajichanga, hela inaliwa na kodi ya chumba, na mwaka mzima unapita akiwa ananing'inia mlangoni mwa daladala huku baiskeli ya baba yake ikila vumbi uani.

Naendesha Phoenix ya inchi 28 mwaka wa kumi na moja sasa, kutoka Magomeni Mapipa hadi Kariakoo, siku sita kwa wiki, na mara nyingine naendelea mpaka Posta. Nasema rai hiyo ni potofu, na nitaeleza upotofu wake uko wapi.

Nianze na uzito, maana ndio nguzo ya hoja yao. Uzito wa baiskeli hukudai pale unapopanda mlima. Kwenye tambarare, ukishashika mwendo, chuma kinabebwa na magurudumu, hukibebi wewe. Sasa mlima uko wapi katikati ya Dar es Salaam? Kutoka Magomeni unateremka bonde la Msimbazi, unavuka Jangwani, unapanda hadi Faya, basi. Tuseme mwinuko huo ni mita 20, nami hapo nawapendelea wapinzani wangu. Tuseme pia Phoenix inaizidi baiskeli nyepesi ya mtumba kwa kilo 8. Kupandisha kilo 8 mita 20 juu ni kazi ya jouli 1,570 hivi. Misuli ya binadamu hupoteza karibu robo tatu ya nguvu yake kama joto, kwa hiyo mwili utatumia kama jouli 6,300, yaani kilokalori moja na nusu. Kijiko kidogo cha sukari kina kilokalori zipatazo 16. Kwa maneno mengine, "mateso" ya Phoenix kutoka Jangwani hadi Faya yanalipwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya kijiko cha sukari kwenye chai ya asubuhi. Hizi kilo 8 ndizo zinazotajwa kana kwamba ni gunia la saruji mgongoni.

Mtu atasema, je, kusimama na kuondoka? Kariakoo ni ya kusimama kila baada ya hatua ishirini. Sawa, tuhesabu na hilo. Kuzifikisha kilo 8 kwenye mwendo wa kilomita 15 kwa saa kunahitaji jouli kama 70. Simama na uondoke mara kumi, ni jouli 700, pungufu ya nusu ya ule mlima wa Jangwani. Kinachomchosha mtu juu ya baiskeli kuukuu ni kitu kingine kabisa, na kila fundi anakijua: tairi lisilo na upepo wa kutosha, cheni iliyokauka, gololi zilizokwisha, breki inayosugua rimu muda wote, na kiti kilichoshushwa chini mpaka magoti yanagonga kifua. Zile kilo 8 zinaongeza ukinzani wa magurudumu barabarani kwa karibu sehemu moja ya kumi tu. Tairi laini linaongeza zaidi ya hapo, na dawa yake ni pampu. Wengi wanaoapa kwamba Phoenix ni nzito waliipanda mara moja utotoni, ikiwa na upepo nusu na cheni nyekundu kwa kutu, wakiwa wamepitisha mguu chini ya bomba la juu kwa kuwa kiti hawakifikii. Kumbukumbu hiyo ndiyo wanayoibeba mpaka leo na kuiita uzoefu.

Yupo daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Groves, mtaalamu wa dawa za usingizi, ambaye alilipima jambo hili mwenyewe. Alikuwa akienda kazini kwa baiskeli kati ya Sheffield na Chesterfield, kilomita 43 kwenda na kurudi, katika nchi ya vilima. Alikuwa na baiskeli ya chuma ya mtumba aliyoinunua kwa pauni 50, yenye kilo 13.5. Akanunua ya kaboni kwa pauni 1,000, kilo 9.5, akitumaini kuokoa muda. Mwaka 2010, kwa miezi sita, kila asubuhi alirusha sarafu ili sarafu ndiyo iamue apande ipi. Zilipofika safari 56, 30 kwa chuma na 26 kwa kaboni, alipiga hesabu. Wastani wa chuma ulikuwa saa 1, dakika 47 na sekunde 48. Wastani wa kaboni ulikuwa saa 1, dakika 48 na sekunde 21. Matokeo yalichapishwa Desemba mwaka huo katika BMJ, jarida la madaktari wa Uingereza. Najua chuma cha daktari huyu kilikuwa chepesi kuliko Phoenix, na mtu mmoja si taifa. Lakini yeye alikuwa na vilima na kilomita 43, mimi nina bonde moja na kilomita chache. Ikiwa huko uzito haukuleta tofauti, wanaoshikilia kwamba unaleta tofauti kati ya Mapipa na Kariakoo ndio wanaodaiwa ushahidi.

Tena, hata tofauti ya mwendo ingekuwapo, mjini ungeitumia wapi? Mchukue mwenye baiskeli ya mashindano umweke Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi. Mbele yake kuna mkokoteni wa mitumba, kulia guta limepakia mabunda ya vitambaa, kushoto mama ameshika watoto wawili na mfuko wa sare za shule, nyuma bodaboda inapiga honi. Baiskeli yake ya kilo 8 na yangu ya kilo 21 zitakwenda mwendo mmoja, mwendo wa yule mama. Kwenye mitaa ya Uhuru na Msimbazi magari yenyewe hutambaa mchana kutwa. Katikati ya jiji hili baiskeli inawahi kwa sababu inapenya na kwa sababu haingoji kujaa abiria, na kupenya hakuhitaji kaboni. Kunahitaji kukaa wima, kuona juu ya paa la gari dogo, na usukani mpana unaotulia mwendo ukiwa mdogo. Sifa zote hizo zimo kwenye baiskeli ya zamani. Anayeinama juu ya usukani wa mashindano anaona tairi lake la mbele na kisigino cha mpita njia.

Waliochora baiskeli ile walijua wanachokifanya. Umbo lake lilitoka Uingereza, kwenye Raleigh za Nottingham na ndugu zake; Wahindi wakalichukua, Wachina wakalichukua, na jina la Phoenix la Shanghai limekuwapo tangu 1958. Gurudumu la inchi 28 linapita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo lingetumbukia. Uma wa mbele umelazwa, na umbali kati ya magurudumu ni mrefu, kwa hiyo pigo la barabara linapungua kabla halijafika kiunoni. Madigadi ni ya chuma kamili, hayarushi tope mgongoni. Cheni imefunikwa, na ndiyo maana mzee wa Kariakoo anakwenda Msikiti wa Mtoro Ijumaa kwa kanzu nyeupe na anarudi nayo ikiwa nyeupe. Ile ya kike, yenye bomba lililoshushwa, inapandwa na dada aliyevaa dera bila kujikunja wala kujifunua. Sasa nitazame baiskeli nyepesi ya mtumba inayosifiwa: haina madigadi, haina kifuniko cha cheni, haina keria, haina stendi, haina kengele. Ukimaliza kuvinunua na kuvifunga vyote hivyo umeshairudisha sehemu ya uzito uliokuwa unaukimbia, na fedha umeshatoa mara mbili.

Lakini hoja kubwa kwangu ni chuma chenyewe, na ni hapo ninapoomba msomaji anivumilie kidogo.

Chuma kina tabia ambayo alumini haina. Kuna kiwango cha mzigo ambacho, usipokivuka, unaweza kukipiga chuma mara mamilioni na kisipasuke. Alumini haina kiwango hicho. Kila shimo, kila tuta, kila ukingo wa barabara unaacha alama ndani yake, alama zinajumlika, na siku moja fremu inakatika bila kutoa taarifa. Watengenezaji wazuri huficha udhaifu huo kwa kuongeza unene na ukubwa wa mabomba, na fremu ikiwa mpya inadumu miaka. Ila fremu ya mtumba iliyofika hapa kwa kontena imeshakula mashimo ya mtu mwingine, na hakuna anayejua ni mangapi. Mimi siko tayari kuimalizia hesabu hiyo katikati ya Barabara ya Morogoro.

Chuma kikipinda, kinanyooshwa. Kikipasuka, kinachomelewa. Miaka minne iliyopita gari lililokuwa likirudi nyuma lilinikunjia uma wa mbele. Niliisukuma baiskeli hadi Gerezani, kwa mafundi wachomeleaji. Mzee mmoja aliutoa uma, akaubana, akautazama kwa jicho moja kama anayelenga shabaha, akaunyoosha polepole kwa bomba refu, akautazama tena. Kabla ya adhuhuri nilikuwa njiani kurudi Kariakoo. Fremu ya alumini ingehitaji mashine maalumu ya kuchomelea kwa gesi ya agoni, na hata baada ya hapo mara nyingi haiwi na nguvu ileile mpaka itiwe moto upya kwa vipimo. Kaboni ikipasuka, mzee yule hana la kukufanyia, na si kwa kukosa ujuzi. Ujuzi anao wa miaka mingi, ila ni ujuzi wa chuma. Mji uliojaa watu wanaojua chuma unaambiwa uone haya kutumia chuma, na kununua kitu ambacho ni wachache wanaokijua.

Angalia pia fundi wa chini ya mwarobaini. Ana spana tatu, nyundo, pampu, beseni la maji ya kutafutia pancha, viraka na solusheni, na kopo la grisi lenye gololi ndani. Kwa vifaa hivyo anaishughulikia Phoenix nzima, toka usukani hadi ekseli ya nyuma. Tairi lake, tyubu yake, spoki zake, gololi zake, pedali zake zinauzwa Kariakoo, na zinauzwa vilevile Tabora, Shinyanga na Kigoma, kwa vipimo vilevile, kwa sababu kiwanda hakijaona haja ya kubadili kilichokuwa sahihi. Ukiharibikiwa na gia ya baiskeli nyepesi yenye sproketi kumi nyuma, fundi huyo atafanya lililo ndani ya uwezo wake: atakata cheni, atakufungia gia moja, na kuanzia hapo unaendesha Phoenix isiyo na madigadi.

Wanaodharau wanasahau pia kwamba wanakula kwa baiskeli hizo kila siku. Dafu unalokunywa Mnazi Mmoja lilikuja kwenye keria ya baiskeli ya chuma. Hesabu madafu hamsini, kila moja kilo moja na nusu, ni kilo 75 zilizopangwa kwa ustadi nyuma ya kiti, na mwenye nazo anatembea kando yake ameshika usukani kwa mkono mmoja. Samaki wanatoka Feri kwa tenga lililofungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Trei za mayai zinapita Ilala zimesimama kama ghorofa. Mnoa visu anaisimamisha baiskeli yake kwenye stendi, anapitisha mkanda kwenye gurudumu, na inageuka kinu cha kunolea mlangoni kwako. Ile baiskeli ya springi mbele inayowapendeza vijana haiwezi kazi hata moja kati ya hizi.

Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Ni mahali palipopata jina kutokana na watu waliobeba mizigo kwa vichwa na mabega, wengi wakafa kazini. Sidhani kuna mtaa mwingine Tanzania wenye sababu kubwa zaidi ya kukiheshimu chombo kinachomtua mtu mzigo.

Hapo ndipo wapinzani huniletea picha ya wabeba mkaa wanaoingia mjini kutoka upande wa Pugu, baiskeli imefunikwa na magunia mawili au matatu, mtu ameinama anasukuma, jasho linachuruzika. Wanasema: tazama mateso ya baiskeli nzito. Naitazama picha hiyo kwa uchungu kuliko wao, lakini naiona tofauti. Mateso yale yanatokana na mkaa, na umaskini, na barabara isiyo na nafasi kwa anayesukuma. Baiskeli ndiyo inayowezesha mtu mmoja kuhamisha zaidi ya kilo mia bila tone la mafuta. Mpe yule ndugu baiskeli ya kaboni uone kama magunia yatafika Buguruni.

Zaidi ya uzito, nadhani, wengi wanakwepa aibu. Mjini hapa mtu akipita na Phoenix huonekana wa kuja, mtu wa bara aliyeshuka jana stendi ya Magufuli na mfuko mkononi. Bara, baiskeli ni heshima: Shinyanga na Tabora abiria wanapakiwa nyuma kwa malipo kama daladala. Bodaboda zenyewe, ambazo kijana wa leo anaziona ni alama ya mji, zilizaliwa na baiskeli za chuma zilizovusha watu kati ya Kenya na Uganda, mpaka kwa mpaka, Busia na Malaba. Pikipiki ilirithi jina tu. Na sisi wenyewe tuliwahi kuziunda. Swala, baiskeli ya kampuni yetu ya NABICO, ilibeba walimu, mabwana shamba na wauguzi nchi nzima katika miaka ambayo magari yalikaa juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Hakuna aliyemwita mwalimu yule maskini. Alikuwa mtu mwenye baiskeli, na kuwa na baiskeli ilikuwa ni jambo. Dharau ilikuja baadaye, na ilikuja pamoja na magari ya mitumba na mikopo ya pikipiki. Chuma hakikubadilika hata kidogo.

Aibu hiyo ina gharama, na gharama yake ni ya shilingi. Nauli ya daladala ya safari fupi ilipandishwa mwishoni mwa 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600. Kwa nauli hiyo, anayekwenda na kurudi siku 26 kwa mwezi analipa 31,200. Anayeunganisha magari mawili analipa 62,400. Muuza duka wa Kariakoo anajua fedha hiyo ni nini: ni mchele, ni gesi, ni ada ya mtoto. Kumshauri mtu huyo aweke akiba ya kununua baiskeli nyepesi kabla hajaanza kuendesha, wakati nyumbani kwao ipo ya chuma inayohitaji matairi na gololi tu, ni kumtia hasara kwa jina la ushauri.

Nisionekane naficha kasoro. Zipo, na mwenye kuipenda baiskeli ndiye anayepaswa kuzitaja. Breki za fito kwenye rimu za chuma zilizopakwa kromu ni dhaifu mvua ikinyesha. Raba inateleza juu ya rimu iliyolowa, na umbali wa kusimama unaongezeka sana. Wakati wa masika napunguza mwendo, nabana breki mapema ili kwanza zifute maji kabla sijahitaji kusimama, na siteremki bonde la Jangwani kwa kujiachia. Asiyeweza kujizuia hivyo, siku ya mvua apande basi. Kutu nayo ni adui wa kweli hapa pwani, kwa upepo wa chumvi. Bila rangi na grisi chuma kinaliwa, tena kutokea ndani. Fuata utaratibu: futa cheni kila wiki, tia oili, na kila mwanzo wa vuli mpe fundi afungue ekseli zote na bomba la pedali abadilishe grisi. Na anayekaa Kimara au Mbezi, juu kule, sitamwambia kwamba mlima wa kurudi jioni ni kijiko cha sukari. Kwake uzito ni hoja, na gia ni hoja zaidi. Mimi nazungumzia Magomeni, Kigogo, Ilala, Buguruni, Kinondoni, Upanga, Gerezani, Kariakoo na Posta, mahali ambapo safari ni ya kilomita tatu, nne, sita, na ardhi ni sawa kama jamvi.

Na jasho? Jua la Dar es Salaam halichagui fremu. Anayeendesha kwa kilomita 12 au 13 kwa saa, amekaa wima, upepo wa bahari ukimpiga kifuani, anafika amekauka kuliko aliyesimama dakika arobaini ndani ya basi akiwa amebanwa kila upande. Anayefika ameloa ni yule aliyeshindana, kwa kuwa ukinzani wa hewa unaongezeka kwa kasi kubwa kuliko mwendo. Baiskeli nzito inakufundisha kutoshindana. Kwa mtu anayekwenda kufungua duka hiyo ni faida tupu.

Kinachonikera kupita yote ni kwamba mjadala wa uzito umekuwa pazia. Wakati tunabishana kuhusu kilo 8, hatuulizi njia ziko wapi. Awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016, ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro, na mradi huo ukachangia jiji kupewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018. Mimi hupita humo kila asubuhi. Kuna bodaboda zinazokuja uso kwa uso nami, kuna magari yaliyoegeshwa, kuna meza za biashara, na nikikata kuingia Mtaa wa Msimbazi njia inapotea kabisa chini ya mabunda ya mizigo. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa jiji hili, umedai njia salama kwa miaka mingi. Hakuna anayejibu madai hayo kwa sauti ileile inayotumika kuwaambia watu kwamba baiskeli zao ni nzito. Katika miaka kumi na moja sijawahi kuumizwa na uzito wa Phoenix yangu. Nimeumizwa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa ni gari ndani ya njia yangu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mamlaka ya barabara ni dogo na linaeleweka. Ondoeni magari kwenye njia zilizopo kabla hamjachora mpya. Wekeni vyuma vya kufungia baiskeli pale Gerezani, pale Mnazi Mmoja, na kuzunguka soko, ili mtu asifunge yake kwenye nguzo ya umeme. Na fundi wa chini ya mwarobaini mwacheni na mti wake, kwa maana yeye ni sehemu ya usafiri wa mji huu kama kilivyo kituo cha basi.

Na wewe msomaji, ikiwa kuna Phoenix, Swala, Avon au Raleigh imeegemea ukuta wa uani kwenu, usimwite kijana wa mizani bado. Ipeleke kwa fundi. Mwambie abadilishe matairi na tyubu, aweke gololi mpya mbele, nyuma na kwenye pedali, anyooshe rimu, afunge raba mpya za breki, na akipandishe kiti mpaka mguu wako unyooke pedali ikiwa chini. Jaza upepo mpaka tairi ligome kubonyezwa kwa kidole gumba. Kisha nenda nayo kazini wiki mbili, asubuhi na jioni, ndipo uamue.